Chuma Nyuma ya Gari Langu

Wiki mbili zilizopita, nikiwa natoka darasani, niliwakuta wanafunzi watatu wamesimama nyuma ya gari langu wakilichunguza. Ni Toyota HiAce ya zamani, yenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, ambayo nimeigeuza kuwa nyumba ndogo ya safari za utafiti: kitanda cha mbao, jiko la gesi, sanduku la vitabu na dumu la maji. Hawakuwa wakitazama ndani. Walikuwa wakitazama bampa la nyuma, lililobeba tairi la akiba, jeki ndefu, chepe, mbao mbili za plastiki zenye meno, na pete mbili nene za chuma zilizopakwa rangi nyekundu. Mmoja wao aliniuliza kwa utani, "Dokta, unakwenda vitani?" Mwingine, ambaye ni mwanaharakati mzuri wa masuala ya bajeti, akaongeza kwamba kifaa kama hicho ni starehe ya watalii.

Niliwajibu kwa mzaha, wakacheka, tukaagana. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba sikuwatendea haki. Lile chuma lina historia, na historia hiyo inanihusu mimi na inaihusu nchi. Ninaiandika hapa kwa sababu nimekuwa nikiwafundisha vijana hao neno uwajibikaji kwa miaka mingi, na sijawahi kuwasimulia siku niliyolijifunza mwenyewe.

Ilikuwa masika, katika bonde la Kilombero. Nilikuwa natoka Lupiro kuelekea Malinyi pamoja na wasaidizi wawili wa utafiti, tukiwahoji wakulima wa mpunga. Anayelijua bonde hilo anajua udongo wake wa mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono; mvua ikinyesha hugeuka kuwa gundi nyeusi inayojaa kwenye matairi mpaka mistari yake haionekani, na gari huteleza kama sabuni juu ya sahani. Kilomita chache kabla ya Mtimbira tulizama. Vijana sita wakatokea, wakachimba, wakakata matawi, wakasukuma. Tuliwalipa shilingi 30,000 tukaendelea.

Mbele kidogo tulikuta pikapu imezama hadi nusu ya magurudumu. Ndani yake alikuwamo mzee mgonjwa, amelazwa juu ya godoro, anapelekwa hospitali. Vijana wale wale walikuja mbio, lakini pikapu haikutikisika. Nikajitolea kuivuta. Nilikuwa na kamba nzuri ya nailoni, na nyuma ya gari langu kulikuwa na kile kifundo cha chuma cha mviringo, chenye kipenyo cha milimita 50, ambacho hutumika kukokotea tela. Nililinunua gari likiwa nacho. Nilikiona kuwa kinene na imara. Nikafunga kamba pale, nikaifunga ncha ya pili mbele ya pikapu, nikarudi kwenye usukani, nikaachia kamba ilegee kidogo, kisha nikaondoka kwa kasi ili mshtuko uitoe pikapu topeni.

Mara ya kwanza pikapu ilisogea shubiri moja. Mara ya pili nilisikia mlio kama wa risasi. Kifundo kilikuwa kimekatika shingoni, na ile kamba iliyokuwa imevutika ilirudi na kile chuma kama jiwe la manati. Kilimpiga mkononi kijana mmoja aliyekuwa amesimama kando ya boneti ya pikapu. Mifupa yote miwili ya mkono wake chini ya kiwiko ilivunjika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kama angekuwa ameinama kusukuma, kama wenzake walivyokuwa wameinama, chuma kile kingempiga kichwani.

Tulimpeleka kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali. Mzee mgonjwa tulimpakia katika gari hilo hilo, akalala juu ya kitanda changu huku kijana ameketi sakafuni akiuma meno. Nililipa gharama za matibabu, na nilidhani kulipa kungenipunguzia uzito. Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alikuwa anapepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilieleza yote yaliyotokea kwa maneno mengi, kama sisi wasomi tulivyozoea. Aliponisikiliza hadi mwisho aliniuliza swali moja tu: "Ulijua kwamba chuma kile kinaweza kukatika?"

Nikasema, "Sikujua, mama."

Akanyamaza, akapepeta mara mbili tatu, kisha akasema, "Na wewe ni mwalimu."

Hakulisema kwa hasira. Ningepata nafuu kama angelisema kwa hasira.

Ndugu msomaji, niliporudi Dar es Salaam nilianza kusoma mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kufunga kamba ile. Kwa ufupi ni haya. Kifundo cha tela kimetengenezwa kuvuta mzigo unaoviringika nyuma ya gari kwa utaratibu. Hakikutengenezwa kustahimili mshtuko wa gari linaloondoka kwa kasi na kukwama ghafla. Gari lililozama hadi nusu ya magurudumu linaweza kudai nguvu inayokaribia uzito wake wote ili litoke, na mshtuko huongeza nguvu hiyo. Kamba ya nailoni hunyumbuka, na ndiyo faida yake, lakini kunyumbuka huko ni akiba ya nguvu. Kitu chochote kikikatika, akiba yote hutoka kwa mara moja na kubeba kile kipande kilichokatika. Ndiyo maana kamba hufungwa kwenye sehemu iliyoungwa moja kwa moja na chasisi, kwa pingu za chuma zilizoandikwa uwezo wake, na watu wote husogea mbali kuliko urefu wa kamba, wala hawasimami katika mstari wake. Katikati ya kamba hutandikwa blanketi zito au koti, ili ikikatika ipoteze kasi na kuanguka chini.

Hakuna hata jambo moja hapo linalohitaji shahada. Lilihitaji mtu aliyeshika usukani aulize kabla ya kukanyaga mafuta.

Miezi michache baadaye nilikwenda Gerezani, Kariakoo, kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi za chuma. Nilimwonyesha bampa langu na kumwomba achomelee ndoano mbili imara. Aliligonga kwa vidole, akatabasamu. "Dokta, hili ni la kupambia. Ukivuta hapa, utaondoka na bampa, gari litabaki." Kisha akalala chini ya gari kwa muda mrefu, akatoka na vumbi kichwani, akaanza kunifundisha.

Alinionyesha reli mbili za chuma zinazopita chini ya bodi ya HiAce kutoka mbele hadi nyuma. Hizo, alisema, ndizo mifupa. Mengine yote ni ngozi. Bampa jipya lilipaswa kushika pale, upande wa kulia na wa kushoto, kwa boliti na si kwa kuchomelea peke yake, kwa sababu moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kilicho jirani na mshono, na mshono mbovu hauonekani kwa macho ya mteja. Alichagua boliti zilizoandikwa 8.8 kichwani, akakataa zile zisizo na alama ingawa muuza duka aliapa kwamba zote ni sawa. Nyuma ya kila boliti aliweka pleti nene, ili nguvu isambae na isirarue reli kama sindano inavyorarua karatasi. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea sehemu nyingine za bampa alifungua waya za betri, akasogeza kila kitu kinachoweza kushika moto, akahakikisha tangi la mafuta liko mbali na cheche.

Pete za kuvutia alizipitisha kwenye pleti inayoshika reli yenyewe. Kila pete nilinunulia pingu yenye pini ya milimita 22 na mwili wa milimita 19, iliyopigwa chapa ya tani 4.75. Aliniambia nizipake rangi nyekundu, ili mtu asiyelijua gari langu, usiku, kwenye mvua, aone mahali pa kufunga na asitafute kwingine.

Kuhusu vifaa vingine tulibishana kwa siku mbili. Mlango wa nyuma wa HiAce hufunguka kwenda juu, kwa hiyo tairi la akiba lilihitaji mkono wa bawaba unaosogea pembeni, wenye kufuli la kuuzuia usitikisike barabarani. Chepe na zile mbao zenye meno, ambazo huwekwa chini ya tairi ili lipate mahali pa kushika, tuliziweka nje, kwa sababu ndizo zinazohitajika kwanza na ndizo zinazorudi na matope. Jeki ndefu tuliilaza nyuma ya tairi na kuivika mfuko, maana vumbi na maji hukwamisha pini zake siku unayoihitaji. Kamba zilibaki ndani, kwa kuwa jua huzila kidogo kidogo bila kuonyesha. Namba ya gari na taa ndogo inayoimulika tulizihamishia mahali zinapoonekana, ili nisianze kubishana na askari wa barabarani katika kila kituo.

Nilitaka pia winchi. Fundi aliniuliza kila kitu kina uzito gani. Tukapiga hesabu kwa chaki juu ya sakafu. Bampa, tairi, jeki na vinginevyo vilikaribia kilo 100, vikiwa vimening'inia kiasi cha mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili za gari ni mita 2.57. Mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtoto mnene kwenye pembea ya ubao: kilo 100 hizo huongeza takribani kilo 147 juu ya magurudumu ya nyuma, na kuondoa takribani kilo 47 kwenye magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. "Kila unachokiongeza huku kwa ajili ya kukuokoa," alisema fundi, "unakipunguza kule kinachokuzuia usiingie shimoni." Nikaiacha winchi. Nikahamishia dumu la maji na sanduku la vitabu mbele, nyuma tu ya kiti cha dereva.

Kazi yote, vifaa na ufundi, ilinigharimu zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mmoja. Na hapa ndipo ninapofika kwenye lile neno la mwanafunzi wangu, kwamba hii ni starehe. Alikosea, lakini hakukosea kabisa.

Mwaka 1967 nchi hii ilitangaza Azimio la Arusha na kulifanya neno kujitegemea kuwa msingi wa siasa yake. Kujitegemea kulikokusudiwa kulikuwa kwa taifa na kwa jumuiya: kijiji kijenge shule yake, nchi isiishi kwa kuomba. Sidhani kama kulikusudiwa kwamba kila mwenye mshahara ajitegemee dhidi ya mwenzake. Lakini tazama tulipofika. Maji yakikatika, mwenye uwezo hununua tangi na kuchimba kisima. Umeme ukikatika, huwasha jenereta. Shule ya umma ikijaa, huhamishia watoto ya kulipia. Barabara ikiharibika, hununua gari refu zaidi, na akiwa kama mimi, hulivika chuma. Kila mmoja wetu anaponunua suluhisho lake, sauti moja yenye elimu na nafasi huondoka katika foleni ya wanaodai suluhisho la wote. Anayebaki kwenye foleni ni yule mama anayepepeta mchele, na sauti yake haifiki kwenye semina zetu.

Sisemi kwamba fedha hazitafutwi. TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, inasimamia zile za wilaya, mitaa na vijiji. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 ziliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA. Maana yake ni kwamba kila mwendesha bodaboda wa Mtimbira, anapojaza lita moja, analipia barabara. Ana haki ya kuuliza shilingi yake imefika wapi, kama mama yule alivyokuwa na haki ya kuniuliza nilijua nini. Wala sisemi kwamba hali ya hewa haina lawama. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na hiyo ni barabara kuu ya lami. Hakuna bampa lililoweza kuvuka pale. Magari ya wenye nacho na wasio nacho yalisimama kwenye mstari mmoja.

Kuna jambo ambalo watumishi wa umma wanaosoma makala hizi wananiambia mara kwa mara: kwamba vijana wanaosukuma magari ndio wanaochimba mashimo makusudi ili wapate riziki. Yawezekana yupo anayefanya hivyo. Mimi niliowaona walikuwa wakifanya kwa malipo ya papo hapo kazi ambayo ilipaswa kufanywa miezi mitatu kabla, kwa mkataba. Walijua mahali maji yanapokusanyika, mahali mtaro ulipoziba, mahali kalavati lilipobomoka. Maarifa hayo yako mikononi mwao, na tunayanunua kwa shilingi 5,000 kwa kichwa baada ya gari kuzama, badala ya kuyanunua kabla ya masika kwa chepe na toroli. Halafu tunawalaumu kwa kuwepo pale tulipowahitaji.

Na je, magari yetu ya umma? Nimepanda magari ya ofisi kadhaa katika safari za utafiti. Nimekuta jeki haipo, kamba imeazimwa haikurudi, au kifaa kimefungiwa stoo kwa sababu mwenye ufunguo yuko likizo. Dereva anayepelekwa kwenye tope na gari la wagonjwa bila kuonyeshwa mahali pa kufunga kamba yuko katika hali ile ile niliyokuwa nayo mimi. Tofauti ni kwamba yeye hakuchagua. Kumfundisha kunahitaji asubuhi moja. Kupaka rangi nyekundu mahali pa kuvutia kunahitaji kopo dogo la rangi. Hatuhitaji mfadhili wala mwezeshaji kutoka nje kwa hilo.

Masika iliyopita nilirudi Malinyi. Tulikwama karibu na pale pale, na vijana wakatokea. Miongoni mwao alikuwamo yule kijana, sasa ana miaka ishirini na moja. Mkono wake umeunga, lakini umepinda kidogo, na aliniambia bila kinyongo kwamba gunia la mpunga hawezi tena kulinyanyua peke yake. Hulisukuma, wenzake hubeba. Tulichimba kwanza, tukapunguza upepo wa matairi, tukaweka mbao zenye meno, nikatoka bila kuvutwa na mtu. Kisha likaja gari la mizigo lililokwama nyuma yetu, na dereva akaomba kamba.

Nilimwonyesha kijana jinsi ya kufunga: pingu kwenye pete nyekundu, pini ikazwe hadi mwisho kisha irudishwe robo mzunguko isije ikakwama, koti juu ya kamba, watu wote pembeni na mbali. Sikuhitaji kumweleza sababu. Aliwafukuza wenzake kwa ukali ambao mimi nisingethubutu, akamsogeza hata mtoto aliyekuwa amesimama na ndoo umbali wa hatua arobaini, ndipo akaninyoshea mkono ule uliopinda kuniashiria niondoke, taratibu. Gari lilitoka.

Aliniuliza pingu moja inauzwa kiasi gani. Nikamtajia bei. Akafikiri, akasema wangeweza kuchanga kama kikundi, lakini baada ya mavuno. Nikawaachia mbili na kamba moja. Dereva wa gari la mizigo aliwalipa, nasi tukaendelea na safari.

Tulipokuwa tukiondoka nilihesabu makalavati yaliyobomoka kutoka pale hadi Mtimbira. Yalikuwa manne, yale yale niliyoyahesabu miaka miwili kabla, na moja jipya. Nimeyaandika katika barua, pamoja na mahali yalipo, na nimeipeleka barua hiyo kwenye ofisi inayohusika nikiwa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kwa wale wanafunzi watatu: karibuni ofisini kwangu muisome, na mniambie tufanye nini ikiwa hadi vuli hakuna jibu. Tukikutana tena kwenye maegesho nitawaonyesha pia jinsi pini inavyokazwa.